Kununua kompresa au kulipia hewa yake?

Ukinunua kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa, ni mali yako pamoja na usumbufu wake: beringi ikianza kupiga kelele usiku, fundi unamtafuta wewe. Ukilipia hewa unayotumia, kompresa inabaki ya mtengenezaji. Vihisi vinamtumia vipimo vya joto, mtetemo na presha kupitia intaneti, na beringi anaibadilisha kabla haijafa, maana hewa ikikatika naye halipwi. Wazo lenyewe si geni. Bristol Siddeley, watengenezaji wa injini wa Uingereza, walianza kutoza malipo ya injini za ndege kwa saa za kuruka mwaka 1962, intaneti haijazaliwa. Ila soma mkataba: takwimu za mashine ni za nani? Kwa mashine ya kunguruma kutwa kucha, ningelipia hewa. Ya kuwashwa mara moja kwa wiki, nunua tu.