Kabla Hujaenda Kisekka Kununua Sensa ya ABS: ELM327, Launch CRP123 na Multimita

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuko Kampala, na juu ya boneti hapa nimepanga vitu vitatu: ELM327, kale kadude kadogo ka bluu ka kusoma makosa ya gari kwenye simu, mnakokajua wote, skana ya Launch CRP123, na multimita ya kawaida ya mafundi umeme. Gari ni Toyota Premio. Taa ya ABS inawaka, na ya utelezi nayo imeifuata. Mwenye gari ameambiwa akanunue sensa ya tairi, ile inayosoma mwendo wa tairi. Akauliza ya tairi lipi, akajibiwa "ya mbele". Banange, tairi za mbele ni mbili!

Kwanza nitulize wale wenye wasiwasi. Taa ya ABS ya njano ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo. Ulichokosa ni ule msaada wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga ghafla. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simamisha gari uangalie mafuta ya breki kabla ya jambo lolote. Hiyo si ya kuendesha nayo mpaka wikendi.

Haya, tuanze na ELM327. Naichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, naiunganisha na simu kwa bluetooth, nafungua programu, nabonyeza kusoma. Tazameni skrini: hakuna kosa. Na taa ile pale, inatukodolea macho! Hiki kifaa hakijaharibika, tuelewane. Programu nyingi za bure zinaongea na kompyuta ya injini tu, zinasoma kodi, yaani namba za makosa, zinazoanza na P. ABS ina kompyuta yake, kodi zake zinaanza na C, na kila kampuni ya magari ina namna yake ya kuziomba. Zipo programu za kulipia zinazofika kwenye ABS ya baadhi ya magari, ila utajua kama lako limo baada ya kulipa. Kwa injini ninaipenda hii kitu, kwa bei yake huwezi kuilaumu. Kwa kazi ya leo, ssebo, haina msaada.

Sasa wenye Toyota nisikilizeni, hii ni ya bure. Kwenye Toyota nyingi unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 za soketi hiyohiyo kwa kipande kifupi cha waya, halafu unawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS inaanza kupepesa. Hesabu: mara tatu, inapumzika, mara moja, hiyo ni 31, mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Zihesabu tundu mara mbili kabla hujachomeka, maana namba 16 ina umeme wa betri muda wote na ukiigusisha na 4 utaunguza kitu. Hili Premio limetupa 32.

Naleta CRP123. Hii inasoma mifumo minne: injini, gia, ABS na airbag. Naingia Toyota, naingia ABS, na hii hapa: C0205, sensa ya mbele kushoto. Sawasawa na taa ilivyotuambia bila senti tano.

Watu wengi wakifika hapa wanafunga mashine na kupanda boda kwenda Kisekka, soko la vipuri. Subiri kwanza. Kodi imekutajia tairi, haijakutajia kilichoharibika. Sensa ikifa, waya ukikatika, soketi ikiingia maji, meno ya ile ringi inayozunguka na tairi mbele ya sensa yakivunjika, beringi ikilegea, kodi inaweza kuwa hiyohiyo moja. Ndiyo maana mimi siinunui skana kwa ajili ya kusoma kodi. Naitafuta ile inayonionyesha mwendo wa kila tairi, papo hapo, gari likitembea. Hapo ndipo CRP123 inapokula pesa yako kihalali.

Mwenye gari anaendesha, mimi nimeshika mashine. Usijaribu kufanya yote mawili peke yako. Barabara imenyooka: 22, 22, 22, 22. Tairi zote nne zinakubaliana! Sasa tunakata kona kwenda kulia. Kwenye kona tofauti ndogo ni ya kawaida, tairi la nje linakwenda mbali kuliko la ndani. Lakini ona hii ya mbele kushoto: 21, 0, 19, 0, 0. Tunanyoosha usukani, inarudi 22. Sensa iliyokufa haifufuki kwa kunyoosha usukani. Kuna kitu kinavutwa.

Ingekuwa inakaa sifuri muda wote, ningeanza na sensa na umeme unaoifikia. Ingekuwa inaruka mara moja kila tairi linapozunguka, ningetafuta jino lililovunjika. Ikipotea mwendo mdogo tu, na breki zinatetemeka mguuni ukikaribia kusimama, mara nyingi ni uchafu au sensa imesukumwa mbali na ringi kwa kutu iliyoota chini yake. Na tairi moja ikizidi wenzake kidogo tu, kila wakati, chukua futi upime tairi zenyewe. Kampala hii watu tunachanganya saizi, na tairi dogo huzunguka haraka zaidi. Kompyuta haijui kwamba umenunua ulichopata.

Turudi kwenye Premio. Nimepiga jeki, nimetoa tairi. Sogeza kamera hapa. Huu ndio waya wa sensa, unapanda pembeni ya shokapu kwenda kwenye soketi ndani ya tope la vumbi jekundu. Unaona hiki kibati cha kushikilia waya? Kinaning'inia, boliti haipo. Aliyebadilisha shokapu hakukirudisha. Kwa hiyo kila usukani ukikatwa kulia, waya unavuta soketi.

Nachomoa soketi, nawasha swichi, naweka multimita upande wa gari, siyo upande wa sensa: volti 11.8. Sasa naugusa waya nyuma ya soketi, nauvuta kidogo tu... 0. Nauachia, 11.8. Haya, nani tena anataka kununua sensa? Waya umekatika ndani, ngozi ya nje nzima. Ungefunga sensa mpya kabisa kutoka Japani, taa ingewaka kwenye kona ya kwanza.

Tahadhari kuhusu multimita. Sensa za zamani ni koili tupu, hizo unaweza kupima omu, yaani ukinzani wa umeme. Nyingi zinaangukia kati ya 800 na 2,500, na kipimo kizuri zaidi ni kulinganisha na ya upande wa pili. Hizi za kisasa zina elektroniki ndani, zinahitaji kulishwa umeme ndipo zifanye kazi. Usizipime omu, hutapata jibu la maana na unaweza kuiua iliyokuwa nzima. Pima umeme unaofika kwenye soketi, kama nilivyofanya.

Na mafundi wenzangu, beringi. Habu nyingi za siku hizi, pale tairi linapofungwa, hazina meno, zina sumaku kwenye sili ya beringi. Hiyo sumaku lazima itazame sensa. Ukiigeuza, gari litatembea vizuri, taa itawaka, na utauza sensa tatu bila kupona. Pia usiigonge nyundo upande huo.

Hapa nimekata sehemu mbovu, nimeunga kwa risasi, nimeziba kwa mpira unaobana kwa moto, na kibati kimepata boliti. Nafuta kodi. Taa bado ipo, msishtuke, magari mengi yanataka yaone tairi zikizunguka kwanza. Tunatembea kidogo... imezima. Kona ya kulia: 20, 21, 20, 20. Safi.

Ununue nini? Una gari moja, Toyota ya kawaida: multimita na kile kipande cha waya vinakutosha, ELM327 ukitaka kuchungulia injini. Una gereji, au taksi mbili tatu barabarani: chukua skana inayosoma ABS kwa namba za papo hapo, iwe hii au nyingine, ila mwambie muuzaji aichomeke kwenye gari lako ikuonyeshe tairi nne kabla hujalipa. CRP123 inaishia kwenye mifumo ile minne, kwa hiyo mwenye gari lenye matatizo ya vioo vya umeme au kiyoyozi atafute kubwa zaidi. Na wa Subaru, najua mtauliza kwenye maoni: ile njia ya tundu 4 na 13 ni ya Toyota, msiijaribu kwenye Forester.