Polisi wastaafu mbele ya kamati: tathmini ya huduma ya LEAP

Law Enforcement Action Partnership, maarufu kama LEAP, ni asasi ya Marekani isiyouza kitu cha kushika mkononi. Inachotoa ni mtu: polisi mstaafu, mwendesha mashtaka, hakimu au aliyekuwa mkuu wa gereza, anayesimama mbele ya wabunge wa jimbo, waandishi wa habari au wanachama wa klabu ya Rotary na kueleza jinsi sheria fulani inavyofanya kazi mtaani. Kwa kazi hiyo ni huduma bora. Nje ya hapo, pima kwanza.

Ilianzishwa mwaka 2002 na polisi watano, akiwemo Jack Cole wa polisi wa jimbo la New Jersey na Peter Christ, kapteni mstaafu wa Tonawanda, New York. Waliiga mfano wa askari waliotoka Vietnam wakarudi kuvipinga vita walivyopigana wenyewe. Jina la mwanzo lilihusu marufuku ya dawa za kulevya tu. Lilibadilishwa mwaka 2017, kwa sababu kazi ilikuwa imeshafika hadi kwenye dhamana, magereza na uhusiano wa polisi na raia.

Ustaafu ndio nguvu yao. Aliye kazini hubanwa na mwajiri: mwaka 2009 askari wa doria ya mpakani, New Mexico, alifukuzwa baada ya kumwambia mwenzake kwamba kuhalalisha bangi kungemaliza mauaji ya magenge Mexico. Mstaafu hana mkubwa wa kumwita ofisini. Tena anajua kazi kwa ndani. Neil Woods wa tawi la Uingereza, aliyefanya upelelezi wa siri kwa miaka 14 akijifanya mtumiaji wa dawa za kulevya, husimulia operesheni ya miezi saba mjini Northampton: watu 96 walikamatwa, na biashara ya heroini ikasimama kwa muda wa saa mbili tu. Mwanaharakati akiyasema hayo, mbunge hutikisa kichwa na kuendelea na simu yake. Akiyasema aliyewakamata, husikilizwa.

Ukitaka kumtumia shahidi wa aina hii, usiombe "polisi yeyote". Muswada wa dawa za kulevya unahitaji mpelelezi wa kitengo hicho. Wa dhamana unahitaji hakimu au mwendesha mashtaka. Wa vifungo virefu, mtu wa magereza. Peleka namba ya muswada, jina la kamati, tarehe na msimamo unaoombwa, angalau wiki mbili kabla. Tafuta aliyefanya kazi jimbo hilohilo, kwani mbunge wa Ohio hana haja kubwa na mambo ya California. Kamati nyingi humpa shahidi dakika mbili au tatu, yaani maneno 300 hadi 400 kwa mwendo wa kawaida. Sentensi ya kwanza itaje cheo, idara na miaka ya utumishi. Baada yake tukio moja, siyo matatu, kisha ombi: pitisheni, kataeni, au rekebisheni kifungu fulani. Takwimu ziende kwenye maelezo ya maandishi.

Hapo kwenye takwimu LEAP imejitahidi kuliko wengi. Ripoti yake ya Oktoba 2020, iliyoandikwa pamoja na Center for American Progress, ilichambua simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, za miji minane na kukadiria kwamba asilimia 21 hadi 38 zingeweza kushughulikiwa na wahudumu wa jamii wasio na silaha. Mji wa Denver ulikuwa umeshaanza huduma ya namna hiyo Juni mwaka huohuo: gari moja lenye mhudumu wa afya ya akili na mhudumu wa tiba ya dharura, bila polisi. Ukiwa na makadirio hayo na mstaafu aliyejibu simu hizo kwa miaka mingi, hoja yako ina miguu miwili.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Kubwa ni uzoefu uliochacha: aliyestaafu kabla ya kuenea kwa fentanyl, dawa ya kulevya kali kuliko heroini, na kabla ya kamera za kifuani ataulizwa swali la leo na kujibu la zamani. Muulize mapema alistaafu lini na kitengo gani. Lingine ni kuzungumza kana kwamba ametumwa na idara yake ya zamani. Asivae sare, na atamke wazi kwamba anasema kwa niaba yake mwenyewe. Kuna pia mtego wa kisheria: LEAP ni asasi ya hisani chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kwa hiyo haiwezi kumpigia debe mgombea. Usiwaalike kwenye jukwaa la kampeni, hata kama mgombea anakubaliana nao neno kwa neno.

Upungufu tunaouona ni upande wa ulezi wa askari wapya kazini. Wastaafu hawa wamejengwa kwa ajili ya kushawishi sheria. Askari mpya anahitaji mtu wa kukaa naye garini, zamu baada ya zamu, amwonyeshe namna ya kugonga mlango wa nyumba yenye ugomvi na mahali pa kusimama unapofunguliwa. Hotuba ya saa moja haifundishi hilo, hata ikitolewa na luteni wa miaka ishirini. Idara yenye haja hiyo iajiri wastaafu wake yenyewe kwa mkataba, kwa saa chache kila wiki, na iwape ratiba.