Duka la jumla la Chake lililotufungia futari na fitri za skuli: chakula nawapa nyota tano, kanzu hapana

Wenzangu wa kamati za skuli, nyie ambao ikiingia Shaabani tu, mwezi wa kabla ya Ramadhani, kichwa kinaanza kuuma mtampata wapi mtu wa kukufungieni vifurushi vya watoto bila ya kukuibieni na bila ya kukuzungusheni, haya maoni yangu nayaandika kwa ajili yenu. Jina la duka silitaji maana kuna mabaya ntayasema humu na sitaki kumharibia mtu riziki yake, jueni tu ni duka la jumla la hapa Chake Chake, Pemba, mbele wanauza chakula na upande wa nyuma wana nguo za watoto. Skuli yetu ya msingi imefanya nao kazi Ramadhani ya 2025, na kwa ufupi upande wa chakula ningerudi hata kesho, upande wa nguo ningepita kama sijawaona.

Kwanza mjue mzigo wenyewe ulikuwa upi. Sie kila mwaka kabla watoto hawajaanza mfungo walimu wa madarasa wanawaambia kila mwenye kitu alete, wala hakuna kiwango, alie na kibaba cha mchele alete kibaba, alie na kipande cha sabuni alete sabuni, kuna katoto ka darasa la pili kalikuja na nazi mbili kamezifunga kwa ukambaa kazibeba begani utadhani kanakwenda sokoni, na hakakubali mtu amsaidie mpaka kazifikishe mwenyewe kwa mwalimu. Hivyo ndo vinaanza. Halafu wazee wanachanga pesa, walimu wanachanga (hata mwalimu wetu mmoja Mkristo kutoka bara huwa wa mwanzo kutoa na anatukumbusha sie wengine), na wapo wazee wanaotukabidhi pesa za fitri kabisa, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, wanasema nyie mnawajua wenye shida kuliko sie. Kwa hiyo unajikuta una pesa za aina mbili ndani ya bahasha moja na hapo ndo pa kuangalia sana.

Maana fitri sio sadaka ya kawaida jamani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi inatoka chakula, pishi moja (vibaba vinne) kwa kila mtu wa nyumba hata kitoto kichanga, inafaa kuanza kutolewa tokea Ramadhani inapoingia na bora iwe imetoka kabla ya sala ya Idd, na wanaopewa ni wale wanaostahiki. Pesa ya fitri huwezi kuikatia kanzu wala kununulia juisi ya sherehe. Sasa maduka mawili tuliyopita kabla ya hili tulipowaeleza hivyo walituangalia kama tunawapotezea muda, mmoja akasema si zote zinakwenda kwa masikini, piga hesabu moja tu. Huyu mzee wa hapa alipotusikia akachukua daftari lake akagawa ukurasa kwa rula, huku fitri huku sadaka, na risiti akatoa mbili mbali mbali. Hatukumuomba. Mimi mtu akinifanyia hivyo bei hata ikiwa juu kidogo nanyamaza, lakini wala haikuwa juu, sukari alikuwa chini ya wenziwe kwa mia mbili kila kilo na mchele wa mapembe ndo bei ya sokoni ile ile, unga wa ngano tu ndo alitubana na hakushuka hata tulipomsihi.

Kuhusu vipimo sasa. Miye nilishazoea kuona fitri zinauzwa zimefungwa kilo mbili na nusu, na kila Ramadhani lazima ubishi uzuke, huyu anasema kilo mbili na nusu ndo pishi, huyu anasema kwa ihtiyati weka kilo tatu. Nikamuuliza, "Shikamoo baba, hizi kilo mbili na nusu mbona naona kama ndogo?" Akacheka. "Marahaba mwanangu, ngoja tusibishane." Akaingia stoo akatoka na kibaba cha zamani, kimekuwa cheusi kwa kushikwa, akachota mchele akaufuta juu kwa kiganja, kimoja, viwili, vitatu, vinne, vyote akavimimina kwenye karatasi juu ya mizani ya umeme, ikapita kilo mbili na nusu. Akachota tena vinne vyengine safari hii bila ya kufuta, na kichuguu chake juu, ikazidi zaidi. Akasema, "Unaona, ugomvi wote upo kwenye kiganja. Tufunge kilo tatu tatu tulale usingizi, inayozidi nakuuzieni kwa bei niliyonunulia." Na akafanya hivyo kweli, ipo kwenye risiti. Vijana wake walipokuwa wanafunga tulikuwa tunachomoa kifurushi kimoja kimoja tunakirudisha kwenye mizani, hakuna hata kimoja kilichopungua, kuna vilivyozidi.

Kifurushi cha futari kilikuwa na mchele, sukari, unga wa ngano, tambi, maharage, dumu dogo la mafuta na tende. Nyengine tulizokusanya skuli (zile nazi, sabuni, chumvi) tulizipeleka kwake akazigawa ndani ya vifurushi hivyo hivyo bila ya kututoza chochote.

Kitu kilichonifanya nikae niandike haya yote lakini ni namna walivyofunga. Mwaka wa nyuma yake tulichukua kwengine, wakatupa viroba vimeandikwa kwa rangi nyekundu MSAADA WA RAMADHANI na jina la duka chini yake, na mtoto anatoka nacho skuli anapita nacho njia nzima ya Machomane mpaka kwao watu wanamtazama. Kulikuwa na mtoto wa darasa la sita, mkubwa mkubwa, alikikataa. Alisema mama atakuja kuchukua mwenyewe usiku. Mama hakuja, kifurushi kikakaa ofisini mpaka tukampelekea. Safari hii ya 2025 nikamueleza mzee wa duka habari ile, nikamwambia nataka viroba vyeupe visivyo na neno. Akasema hivyo anavyo, ila kiroba cheupe siku hizo kila mtu anajua ni cha nini, akashauri tuchukue viroba vile vile anavyofungia wateja wake wa kila siku, vya mistari, ambavyo kila nyumba ya Chake kipo kimoja kinawekewa muhogo au nguo chafu. Basi ikawa ukikibeba mtu anakuona unatoka dukani tu. Sandarusi za nailoni kwetu Zanzibar zimepigwa marufuku zamani, kabla hata ya bara ambao walianza 2019, kwa hiyo kiroba kama hicho mtu anakihitaji na hakitupi.

Na majina hatukuyasoma paredi. Walimu wa madarasa ndo walioandika orodha, wanawajua mayatima na wanawajua wale ambao baba yupo lakini hayupo, wakawaita wazee mmoja mmoja kwa simu waje nyakati tofauti. Duka likakubali kuviweka kule kule kwao kwa wale waliotaka kuchukulia dukani, unafika unataja namba unapewa kama mteja mwengine. Sijaona pengine wanafanya hivi, na ukiangalia msimu wa karafuu ulivyokuwa umeshapita na mifuko ya watu ilivyokuwa mitupu mwezi ule wa tatu, waliochukulia dukani walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, na wengine sikuwahi kuwadhania kabisa.

Sasa mabaya. Tende, katoni mbili tulipozifungua zilikuwa na wadudu. Ndo imeshatokea, nilizirudisha kwa bodaboda na wakabadilisha siku ile ile bila ya maneno, ila wangezikagua wao kabla, mtu anafunga siku nzima halafu cha kufungulia kinywa ndo kinatambaa! Fungueni kila katoni palepale kaunta msione haya.

Nguo ndo balaa. Tulitaka kanzu na kofia kwa watoto wa kiume na magauni na mitandio kwa wa kike, kwa wale mayatima tu, pesa ya sadaka. Tukapeleka orodha na umri na urefu, mwalimu amewapima watoto kwa tepu kabisa. Zikaja zote zimeandikwa saizi za nambari ambazo hazina uhusiano na mtoto yeyote niliyewahi kumuona, kanzu iliyoandikwa ya miaka kumi na mbili ikamkaa juu ya magoti mtoto wa darasa la nne, nyengine mikono inaburura. Magauni mawili mshono umefumuka kwapani kabla hayajavaliwa. Kijana anaesimamia upande wa nguo, sio yule mzee, akatwambia zikishatoka hazirudi. Hazirudije na hazijavaliwa? Tukavutana pale mpaka Magharibi ikakaribia, mwisho mzee akaingia kati akabadilisha zilizokuwepo saizi yake, zilizobaki tukazipeleka kwa fundi cherahani wa mtaani na gharama tukabeba wenyewe. Huyo fundi alituuliza kwa nini hatukumpa yeye kazi tokea mwanzo na jibu hatukuwa nalo. Ramadhani ijayo vitambaa tunanunua Shaabani tunampa yeye, maana ikishafika kumi la mwisho hakuna fundi Chake nzima atakaekusikiliza.

Jengine ni simu. Kijana huyo huyo alikuja skuli na mzigo, akaanza kuwapanga watoto waliokuwepo pale uwanjani washike viroba apige picha arushe kwenye ukurasa wa duka. Nikamwambia mwanangu, viroba tumehangaika visijulikane wewe unavitangaza? Akasema ni kwa ajili ya kuhamasisha wengine. Kapige picha magunia stoo, uhamasishe. Alizima simu lakini alinuna, na simlaumu sana, biashara zote siku hizi zinaendeshwa hivyo, ila tangu siku hiyo tukaandika kwenye makubaliano kabisa hakuna picha ya mtoto.

Muda pia tulivutana. Wao walitaka kuleta mzigo wa fitri Jumamosi jioni, wanasema sikukuu Jumatatu, muda upo. Muda upo kwa nani? Hapa Pemba wapo wanaofuata mwezi wa kimataifa (ukionekana popote duniani) na wapo wanaofuata mwezi ukionekana kwetu, kila mtu anajua, na kweli ikaja kuwa wengine wamesali Idd Jumapili tarehe 30 Machi na wengi wetu Jumatatu tarehe 31. Ukimpa mtu fitri Jumapili mchana wakati yeye keshatoka msikitini umempa nini? Tukawalazimisha Alhamisi. Walileta Alhamisi, lakini badala ya saa nne asubuhi kama tulivyokubaliana keri (gari dogo la mizigo) ikaingia baada ya Alasiri, wazee walishasubiri na saumu zao kwenye jua lile la Machi, wengine wakaondoka. Simu nikipiga naambiwa "tupo njiani". Kutoka dukani hadi skuli ni dakika chache tu kwa gari. Hapa nimewakata nyota na siirudishi.

Sherehe ya watoto wote sie tunaifanya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, skuli zikishafunguliwa, maana Ramadhani huwezi kukusanya watoto ukawalisha mchana. Hapo duka likatupa biskuti na juisi kwa bei ya jumla hata zile tulizochukua pungufu ya katoni, na mzee akaongeza vileja vya nyumbani kwake, vimetengenezwa na mkewe, vina iliki mpaka harufu inafika barazani. Watoto wamevaa nguo zao za sikukuu tena, wamesoma qasida, dufu zikapigwa, wengine bado wana miwani ya plastiki waliyonunua Tibirinzi siku za sikukuu na wamekataa kuivua hata kwenye kula. Kwenye kundi lile la watoto kanzu za skuli zipo na za wazee wao zipo na mimi mwenyewe niliyezigawa nilishindwa kuzitofautisha. Juisi zilikuwa moto lakini, friza lao halikuwa linafanya kazi, nendeni na barafu yenu.

Basi mkienda: nendeni asubuhi kabla ya saa tano, baada ya Adhuhuri mzee hayupo na mtaishia kwa kijana. Semeni mwanzo kabisa ipi fitri ipi sadaka. Malipo wanapokea kwa simu ila wanataka makato juu yenu, bora mkononi au benki. Lipeni nusu, nusu mbaki nayo mpaka mzigo ushuke, sie tulilipa yote na ndo maana keri ilikuja wakati inaotaka. Viroba vya mistari wanavyo vingi, na usafiri ndani ya Chake bure, Wawi na Vitongoji wanaongeza kidogo, Wete na Mkoani muelewane nao wenyewe.