Rangi ya tanki ya gari ya zamani: nimezipanga kutoka ya kununua mpaka ya kuachana nayo

Kama uko na Land Rover Series, Datsun 1200 ama Peugeot 504 pikapu na rangi ya nje ya tanki ya mafuta imeanza kubambuka, soma hii kabla uende dukani, juu pesa nyingi hupotelea pale kwa kaunta. Ukisema tu unataka rangi ya tanki unapewa ile nyeusi iko karibu na mkono wa muuzaji. Yangu ya kwanza ilipakwa na fundi mmoja hapa Nakuru, ikatoka iking'aa mpaka nikaipiga picha, wiki ya pili nikijaza mafuta yakamwagika kidogo pale kwa shingo na nikaona rangi ikikunjamana kama utando wa chai ya maziwa, nikapitisha kidole ikatoka yote mpaka bati. Ilikuwa NC, yaani rangi ya nitroselulosi. Hiyo hukauka kwa sababu thina imeruka tu, haina hadina (dawa ya kuchanganya ili rangi igande na kuwa ngumu), sasa petroli ikiigusa inaiyeyusha tena. Kwa hivyo swali la kwanza dukani ni hili: rangi hii inachanganywa na hadina? Kama hapana, rudisha.

Namba moja kwangu, na sioni ikitolewa hapo, ni epoksi praima (rangi ya chini ya kushika bati) ya 2K, yaani ya mikebe miwili, rangi na hadina yake, halafu juu yake rangi ya 2K nyeusi isiyong'aa sana. Epoksi inashika bati na kuzuia maji kuliko praima ya kawaida, lakini jua huichosha, ndio maana unaifunika. Tanki ya Series fupi ni kama lita 45, nusu lita ya praima na nusu ya rangi ya juu zinatosha koti mbili mbili, usikubali kuuziwa galoni. Kipimo cha hadina kimeandikwa kwa mkebe na kila rangi iko na chake, sasa nunua na kikombe cha kupimia, usikadirie na jicho, hadina ikipungua rangi inabaki laini na petroli itaimaliza vile vile. Na ukiambiwa uanze na praima ya asidi chini ya epoksi, kataa, epoksi nyingi hazielewani nayo.

Hapa naomba mnisikize vizuri. Hadina ya ile rangi ya juu ina kemikali inaitwa isosayaneti, ukiivuta inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Kama huna maski ya kuletewa hewa safi kwa paipu, paka epoksi mwenyewe kwa brashi ukiwa na glavu, halafu tanki ipeleke gereji iliyo na chumba cha rangi wakupulizie koti za juu.

Namba mbili ni kopo za kupuliza za 2K, zile ziko na kidude chini unabonyeza hadina inaingia. Hazihitaji kompresa, ila ukishabonyeza ni hiyo siku ama kesho yake, baada ya hapo kopo imeganda. Ni ghali na hatari ya mapafu ni ile ile, lakini kwa tanki moja hesabu inaingia.

Tatu ni epoksi na koti nzito ya kuzuia mawe upande wa chini, hii nawashauri watu wa marram, kina Bungoma na Kakamega huko ndani. Muhimu isiwe ya lami, juu petroli hula lami.

Rangi ya unga ya kuokwa (powder coating) nimeiweka ya nne na najua wengine watanikatalia. Ni ngumu kweli, lakini oveni yake hufika karibu digrii 200, na risasi ya kuunganishia huanza kulegea kwa 183, kwa hivyo tanki ya zamani iliyounganishwa kwa risasi itafunguka mishono. Kama yako imechomelewa kote na imeoshwa ikaisha harufu kabisa, sawa.

Rangi ya geti, NC na kopo za bei ya chini ziacheni huko huko kwa shelfu.

Pesa ikibaki nunua msasa wa maji, kwa sababu tanki nyingi za zamani zilipakwa madini yenye risasi, ukisugua kavu unavuta hiyo vumbi. Na tanki tupu ni hatari kuliko iliyojaa, ule mvuke ndio hulipuka, kwa hivyo ioshe na maji moto na sabuni mara kadhaa, usiilete karibu na grainda wala moto. Kutu iliyobaki ipake dawa ya asidi ya fosforiki mpaka igeuke nyeusi, kisha fuata maelekezo ya kuiosha kabla ya praima.

Wa Nakuru, paka kukishapata joto asubuhi kabla upepo wa vumbi uanze. Wa Kisumu, epukeni jioni, unyevu wa ziwa huacha ukungu mweupe kwa rangi. Iache wiki nzima kabla ya kutia mafuta. Na pale geji ya mafuta inafungwa ziba na masking tepu kabla ya kupaka, juu ikikosa athi (mguso wa umeme na bati) mshale utasoma uongo na utaanza kununua geji mpya bure.