Mafunzo ya mtandaoni kwa wajumbe wa bodi za shule England: wataalamu wake nimewaonaje

Nianze na uamuzi wangu ili asiye na muda asisome mpaka mwisho: mafunzo haya yanafaa, na yanafaa kwa sababu ya baadhi ya watu waliowekwa kuyafundisha. Palipo na mtaalamu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bodi, utajifunza. Palipo na mtaalamu anayekusomea sheria tu, utapata cheti na hutabaki na kitu.

Mimi ni mzazi, mwenyeji wa Tanga, naishi Leicester. Wazazi wenzangu walinipigia kura niwe mjumbe wa bodi ya shule ya msingi wanakosoma wanangu. Kwa msomaji asiyejua utaratibu wa England, shule za serikali huku zinasimamiwa na watu wa kujitolea wasiolipwa, na kwa jumla ni takriban robo milioni nchi nzima. Katika shule zilizo chini ya halmashauri, bodi haipungui wajumbe 7, na kati yao wazazi wa kuchaguliwa hawapungui 2. Kipindi cha mjumbe kwa kawaida ni miaka 4. Kazi zetu ni tatu: kuweka dira ya shule, kumwajibisha mwalimu mkuu, na kusimamia fedha. Ni kazi nzito kwa mtu anayetoka zamu ya usiku ghalani na kuingia kikaoni saa kumi na mbili jioni, naye shule yenyewe hakusoma nchi hii.

Ndiyo maana shule au halmashauri hulipia mafunzo ya mtandaoni. Katibu wa bodi anakufungulia akaunti, unasoma kwa simu au kompyuta kwa wakati wako, na kila somo lina video, karatasi za kusoma, maswali ya mwisho na cheti. Sitaitaja kampuni kwa jina, maana shule yetu imeshatumia zaidi ya moja na ninayoyasema yanazigusa zote.

Wa kwanza kumsifu ni mtaalamu wa fedha, mama aliyewahi kusimamia hesabu na uendeshaji wa shule za msingi. Hakuanza na kanuni. Alifungua karatasi ya matumizi kama ile tunayoletewa kikaoni, yenye safu tatu: bajeti iliyopitishwa, kilichotumika mpaka sasa, na makadirio ya mwisho wa mwaka. Akapeleka mshale kwenye fungu la walimu wa muda, wale wanaoletwa na wakala mwalimu wa darasa anapougua. Mwaka wa fedha wa shule za halmashauri unaanza Aprili. Karatasi ile ilikuwa ya mwisho wa Septemba, yaani nusu ya mwaka, na fungu lilikuwa limeshaliwa robo tatu. Akanyamaza kidogo, akatuacha tuitazame wenyewe.

Kisha akasema wajumbe wengi hapo huuliza "Mbona mmezidisha?", wanajibiwa "Walimu waliugua", kikao kinasonga mbele. Yeye alitaka tuulize mengine. Je, tatizo ni ugonjwa, au kuna nafasi ya ajira ambayo haijajazwa? Shule ina bima ya walimu wasiokuwepo kazini, na kama inayo, imeanza kulipa? Na kwa nini safu ya makadirio bado inaonyesha tarakimu ile ile ya Aprili, wakati matumizi yamekwenda njia nyingine? Hilo la tatu ndilo lililonifumbua macho, kwa sababu halihitaji uhasibu. Linahitaji kusoma safu mbili kwa pamoja. Nililiuliza kikao kilichofuata. Mwalimu mkuu hakukasirika hata kidogo. Aliomba makadirio yapigwe upya, na kikao cha baada ya hapo tulijadili upungufu wakati bado ungeweza kuzibwa. Kabla ya hapo, ajenda ya fedha ikifika nilikuwa nawaachia wenye kazi za benki. Siwaachii tena.

Wa pili ni mtaalamu wa ulinzi wa watoto, aliyekuwa afisa ustawi wa jamii. Somo hili ni la lazima. Tangu Septemba 2022 mwongozo wa serikali unadai kila mjumbe alipate anapoanza tu, na mwongozo wenyewe hutolewa upya kila mwaka. Nilidhani litakuwa orodha ya dalili za mateso. Badala yake alitupeleka kwenye kisa cha Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast aliyeletwa Ulaya na shangazi wa mzazi wake, akafa London Februari 2000 kwa mateso akiwa na miaka 8. Polisi walikutana naye, hospitali zilikutana naye, maofisa ustawi walikutana naye. Uchunguzi wa Lord Laming ulitoa ripoti mwaka 2003, ikafuatiwa na Sheria ya Watoto ya 2004. Jambo ambalo mtaalamu alitaka sisi wa shule tulibebe ni kwamba kwa miezi yote aliyoishi England, Victoria hakuwa ameandikishwa shule yoyote. Hakukuwa na mwalimu wa kumuulizia asubuhi.

Hapo akaeleza jambo ambalo naliandika hapa kwa herufi nzito moyoni, maana linawagusa watu wetu moja kwa moja. Kwa sheria ya England, mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu ambaye si mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri lazima ijulishwe. Ndugu wa karibu wanaotambuliwa ni babu, bibi, kaka, dada, mjomba, shangazi, baba au mama mdogo na mkubwa, na mzazi wa kambo. Binamu hayumo. Shangazi wa baba yako hayumo. Rafiki wa mama aliyekulelea mtoto wako ukiwa safarini hayumo. Sisi tunaolea watoto wa ukoo bila kuandikishiana chochote tunaona hilo ni jambo la kawaida kabisa, na mtaalamu yule hakulichukulia kama kosa wala hakuwatazama Waafrika kwa jicho la shaka. Alisema kazi ya shule ni kuuliza kwa heshima mtoto anaishi na nani, kisha kuisaidia familia itoe taarifa. Nimeshawaelekeza akina mama wawili msikitini kwetu, wote hawakuwa wamesikia sharti hilo.

Kuna mtaalamu wa takwimu za matokeo, kijana mwalimu, mwepesi wa maneno. Somo lake ni fupi na linatosha. Watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kusoma kwa sauti za herufi: maneno 40, nusu yake ya kubuniwa yasiyo na maana, ili ionekane kama mtoto anasoma kweli au amekariri. Asilimia ya waliofaulu ikishuka, bodi hushtuka. Yeye akatukumbusha kwamba katika darasa la watoto 30, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 3. Wawili wakikosa, shule imeshuka karibu asilimia 7, na pengine wote wawili walifika Mei, muda mfupi kabla ya kipimo.

Lililonigusa zaidi kwake ni kuhusu watoto wenye lugha nyingine nyumbani. Huku ni takriban mtoto mmoja kati ya watano, na kwa mji kama Leicester ni wengi zaidi. Alisema kundi hilo usilipokee likiwa limefungwa pamoja, maana mtoto aliyezaliwa hapa wa mama daktari na mtoto aliyefika mwezi uliopita kutoka Goma wanahesabiwa safu moja. Wastani wao unaweza kupendeza huku yule wa Goma amekaa nyuma ya darasa haelewi kitu. Tangu hapo naomba waliofika karibuni watolewe peke yao, na mwalimu mkuu ameanza kutuletea hivyo bila kuombwa.

Sasa upande usioridhisha.

Somo la kufukuza wanafunzi limepewa mwanasheria. Elimu anayo, hilo halina ubishi, na kila alichosema ni sahihi. Kwamba bodi lazima ikutane ndani ya siku 15 za shule baada ya kujulishwa mtoto kafukuzwa moja kwa moja. Kwamba mwalimu mkuu lazima aonyeshe mambo mawili: mtoto amevunja vibaya au amevunja mara kwa mara kanuni za nidhamu, na kubaki kwake kungeumiza sana elimu au usalama wake au wa wenzake. Kwamba ushahidi hupimwa kwa kuangalia lipi lina uwezekano zaidi, hauhitaji uhakika wa mahakama ya jinai. Yote haya aliyasoma akitazama kamera, bila karatasi hata moja ya mfano. Mjumbe anayekwenda kukaa mezani mbele ya mama analia na mtoto wa miaka 10 anatazama viatu vyake anahitaji zaidi ya hapo. Anahitaji kujua aulize nini wakati maelezo ya walimu wawili yanapingana, na afanye nini mzazi asipoelewa Kiingereza cha barua aliyopewa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nchi hii ina historia yake. Takwimu za serikali zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watoto wenye asili ya Karibiani hufukuzwa kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu Waingereza. Somo la kufukuza watoto lisilogusa jambo hilo hata kwa sentensi moja lina pengo, na pengo hilo mwanasheria peke yake hawezi kuliziba. Katika mfumo mwingine tuliotumia, mada hiyo hiyo ilitolewa na mwenyekiti mstaafu wa bodi pamoja na mwanasheria. Mmoja alieleza sheria, mwenzake akaeleza alivyowahi kumrudisha mtoto shuleni baada ya kugundua barua ya kwanza haikumfikia mzazi. Nilimsikiliza mara mbili, na ningemsikiliza tena.

Somo la watoto wenye mahitaji maalumu nalo limechukuliwa na mtaalamu mzuri, mwalimu mratibu wa mahitaji hayo, lakini yuko peke yake. Mzazi hayumo. Mwongozo wa serikali wa 2015 unasisitiza sauti ya mtoto na mzazi katika kila hatua, halafu somo la mwongozo huo halina mzazi anayezungumza. Ningependa kumsikia mama aliyehangaikia mpango wa msaada wa mtoto wake akieleza ni swali gani la bodi lingemsaidia.

Jingine ni tarehe. Ofsted, mamlaka ya ukaguzi wa shule, iliacha kutoa hukumu ya neno moja kwa shule nzima Septemba 2024, na kuanzia Novemba 2025 imeleta kadi za taarifa zenye maeneo mbalimbali. Hata hivyo nilikuta somo la ukaguzi ambalo mtaalamu wake bado anaeleza daraja moja la jumla kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mtoa mafunzo anapomweka mtu mbele yetu kwa jina la utaalamu, aandike pembeni ni lini amerekodiwa na yeye ni nani: amefanya kazi wapi, kwa nafasi gani. Masomo mengi yana picha nzuri na cheo kimoja kisichoeleza kitu. Vifupisho navyo vinamwagwa kama mvua ya masika, na manukuu ya chini ya video yanakosea majina. Kwa sisi tuliojifunza Kiingereza darasani, manukuu ndiyo tegemeo.

Shemeji yangu yuko kwenye kamati ya shule huko Muheza, akaniuliza kama masomo haya yanaweza kumfaa. Ya sheria hayamfai. Tanzania ina utaratibu wake, na viongozi wa elimu wana ADEM ya Bagamoyo, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu, kama Kenya walivyo na KEMI, taasisi yao ya usimamizi wa elimu, kwa bodi zilizowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Lakini la fedha nilimsimulia lote kwa simu, safu kwa safu, kwa kuwa ruzuku inayoingia kwenye akaunti ya shule nayo ina bajeti, ina kilichotumika na ina kitakachobaki. Alilishika haraka kuliko mimi.

Kwa aliyechaguliwa karibuni: anza na la fedha. Kisha ulinzi wa watoto, hata kama una cheti cha kazini, maana cha kazini hakisemi lolote kuhusu kazi ya bodi. La takwimu lisome kabla ya vikao vya vuli, wakati matokeo ya mitihani yanapoletwa. La mwanasheria chukua maandishi yake uyachape, uyaweke kwenye mkoba, halafu umwombe mwenyekiti wako akueleze kesi aliyowahi kuisikiliza bila kutaja jina la mtoto. Na mwisho wa kila somo kuna kisanduku cha maoni. Andika humo ni mtaalamu gani amekosekana. Mimi nimeomba mzazi kwenye somo la mahitaji maalumu, na mtu wa kueleza barua za shule kwa familia zisizosoma Kiingereza.