Ala ya bastola ya ngozi: naondoa sifa niliyoitoa

Mwezi wa pili nilifungua mkanda mbele ya wenzangu kwenye uwanja wetu wa shabaha nje ya Kampala, nikawazungushia ala yangu mpya ya bastola waishike, waikague. Ngozi ya ng'ombe, nyeusi, imeshonwa kwa uzi mzito mara mbili, shilingi 120,000 kwa fundi viatu mmoja jirani na soko la Owino. Watu wawili waliagiza ya kwao kwa neno langu. Leo naliondoa neno hilo, kwa sababu mmoja wao amelipia kosa ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuliona kwanza.

Nilizaliwa kambini Nsambya, baba askari polisi, nami nikavaa sare miaka 18 kabla ya kuanza kufundisha walinzi. Bastola yangu ni Glock 17 yenye leseni. Aina hii haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti unayoigusa iko kwenye kifyatulio chenyewe. Chochote kikikibonyeza, kiwe kidole, pindo la shati au kipande cha ngozi, bastola itafyatuka. Ikiwa kiunoni, kinachokilinda kifyatulio hicho ni ala.

Kwa ushonaji simlaumu fundi hata kidogo. Miezi mitano hakuna uzi uliokatika, rangi haikuchujia suruali, na kitanzi cha mkanda kinashika vizuri. Tatizo ni mdomo wa ala. Siwezi kumwachia mtu silaha iliyoandikishwa kwa jina langu, basi nilimpelekea vipimo kwenye karatasi, naye akakata ngozi laini ya viatu akifuata karatasi ile. Siku za kwanza ilikuwa ngumu. Jasho na mvua za mwezi wa nne zikailegeza, mdomo ukaanza kujikunja kila ninapochomoa bastola.

Dalili ya kwanza niliipata mwenyewe. Nilikuwa nimeinama kubandika viraka kwenye shabaha za karatasi, bastola ikateleza ikaanguka majanini. Haikuwa na risasi, maana kwetu hakuna anayetembea na bastola iliyojazwa. Unajaza ukiwa mbele ya refa, kwa amri yake. Mkono wangu ulikwisha kuanza kushuka nikaurudisha. Kwa sheria za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya shabaha, ambazo klabu yetu inazifuata, ukiangusha bastola tupu nje ya zamu yako ya kupiga hutolewi mashindanoni, lakini ukiiokota mwenyewe umetolewa papo hapo. Refa alikuja, akaiokota, akaikagua, akasimamia mpaka ikarudi mahali pake. "Afande, ala hii imelegea," akaniambia. Nikamjibu nitaikaza. Nikakaza kitanzi cha mkanda, nikaendelea kuivaa. Jibu lile bado linaniuma.

Wiki tatu baadaye ilikuwa zamu ya kijana niliyemfundisha kazi, mmoja wa wale wawili. Alikuwa ametoka Masaka usiku. Zoezi lilianza mikono ikiwa juu ya kichwa. Kipima muda kikilia unakimbia hadi nyuma ya ukuta wa mbao, ndipo unachomoa. Hatua ya tatu bastola iliruka kutoka kwenye ala, risasi ikiwa tayari chemba, nyuma ya mtutu, na yeye akanyoosha mkono kuidaka hewani. Aliikosa, namshukuru Mungu. Bastola inayoanguka ikiwa nzima kwa kawaida haifyatuki, lakini mkono unaoidaka hujikunja wenyewe, na kidole huangukia pale pale pabaya. Refa akapaza sauti asimame. Ilikuwa zoezi la pili kati ya sita, na kijana akakaa chini ya mwembe mpaka jioni.

Sheria hapo haina onyo la kwanza. Ukiangusha bastola katika zamu yako, iwe imejazwa au tupu, umetolewa mashindano yote. Hali ni hiyo hiyo mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka upande wa tuta linalozuia risasi, ukikimbia kidole kikiwa kwenye kifyatulio, au risasi ikipiga ardhi ndani ya mita 3 kutoka ulipo wakati hulengi karatasi iliyo karibu hivyo. Wengine wanaona ni ukali. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu refa akianza kupima nia ya mtu, siku moja atapima vibaya.

Usiku ule nikaingia chumbani, nikatoa magazini, nikakagua chemba mara mbili, risasi zote nikaziacha sebuleni. Nikairudisha bastola kwenye ala mara 20, kila mara nikiikoki upya. Mara sita mdomo wa ngozi ulijikunja kwa ndani ukakigusa kifyatulio. Mara mbili nikasikia tak. Nilikaa kitandani muda mrefu. Kila nilipojaza bastola kwa amri ya refa na kuirudisha kiunoni, tak hiyo ingeweza kuwa risasi kwenye paja langu.

Nilirudi kwa fundi nikamwonyesha, nikitumia bastola ya mazoezi ya plastiki ya bluu, isiyofyatua kitu. Alisikiliza. "Nyabo, ungeniletea hii tangu mwanzo," akasema, akiniita mama kwa Kiganda, na alikuwa na haki. Akalowesha ngozi nene ya soli, akaikandamiza juu ya ile plastiki mpaka ikashika umbo, akaiacha ikauke siku tatu, kisha akaweka bamba jembamba la chuma mdomoni. Shilingi 180,000. Hii haijikunji, na inakifunika kifyatulio chote. Lakini ikilowa jasho bado inang'ang'ania bastola, na mtu anayevuta kwa nguvu akiwa na haraka hupindua mtutu nyuma. Sheria inavumilia mtutu kuelekea nyuma wakati wa kuchomoa, mradi usielekee zaidi ya mita 1 kutoka miguuni; ala inayong'ang'ania inaweza kuimaliza mita hiyo. Naivaa kazini tu. Kwenye mashindano nimehamia ala ya plastiki ngumu ya shilingi 350,000, na nimemnunulia kijana wangu kama hiyo.

Ukitaka kununua ya ngozi, kwa fundi yeyote, toa risasi zote kwanza. Geuza ala juu chini juu ya godoro bastola ikiwa ndani, itikise. Kisha itoe, ubonyeze mdomo wa ala kwa vidole viwili. Bastola ikianguka, au mdomo ukifumba, mrudishie fundi wake.

Ile ya kwanza nimeikata vipande vinne kwa mkasi wa fundi huyo huyo. Mwenzetu wa pili aliniletea yake Jumamosi, nayo tukaikata.