Simuleta ya magari Malindi: ni tamu, lakini hiki kiti cha mia tano kitaua ligi

Mnaoniuliza kila siku kama ile sehemu ya simuleta, zile mashine za kuigiza mbio za magari kwenye skrini, kando ya Lamu Road inafaa, inafaa, tena sana, ila kuna jambo limenikera.

Viti vimetolewa kwenye Probox kuukuu vikachomelewa kwa fremu ya chuma, usukani ni Logitech G29, ukiingia kona vibaya wakuvuta mikono mpaka mabega yauma. Pedali zimefungwa mpira wa tyubu maana wengi hucheza miguu peku. Feni zipo, AC hakuna, mje mkijua.

Kilichotuvuta ni ligi ya Jumamosi baada ya Isha. Mwenye duka alisema wote tuendeshe Formula Vee, setapu moja, yaani gari la kila mtu limepangwa sawasawa, shilingi mia moja kila mtu, basi. Kwa asiyejua, hivyo ni vigari vya matairi wazi vilivyoanzia Marekani na injini ya Volkswagen Beetle ya cc 1200, mabawa hakuna, nguvu kidogo, kwa hivyo ukiharibu kona moja huna spidi ya kujiokoa, wabaki kuwaangalia wenzako migongo mpaka mwisho. Kijana wa sekondari alikuwa akimshinda mzee wa Kitaliano anayekuja na glavu zake za ngozi, na mzee mwenyewe acheka tu.

Sasa kaleta kiti kipya. Breki yake yapima nguvu ya mguu, si umbali uliobonyeza, basi mguu ukishazoea wafunga breki pale pale kila raundi. Kukikalia ni mia tano. Na kimo kwenye ligi ile ile jamani!

Nikamwambia, kaka, haya ndiyo yaliyowafika wenye magari ya kweli. Formula Ford, mbio nyingine za vigari vya matairi wazi, ilianza Brands Hatch, Uingereza, 1967, gari zima lengo lake pauni 1,000, injini ya Ford ya kawaida na sheria kali usiichezee, lakini wenye pesa wakapeleka injini kwa mafundi wa kuifungua na kupima kila chuma mpaka ukingoni mwa sheria, leo kuijenga upya injini peke yake kwapita hizo pauni 1,000. Marekani spea za Kent, hiyo injini ya Ford, zilipokuwa shida wakaruhusu injini ya Honda Fit, ndiyo, Fit hizi hizi za teksi, lakini wakaibana njia ya hewa nguvu yake isizidi zile za zamani. Kelele zilikuwepo, ila angalau kuna mtu alikaa akapima.

Huyu wetu hajapima kitu. Ati mashine imemgharimu na stima imepanda. Sawa, haki yake, si apandishe iwe mia na hamsini kwa wote, kiti kipya tukigombee kwa bahati nasibu kila raundi?

Kwa hivyo siku za kawaida nampa nyota nne, Jumamosi mbili. Mwenye watoto awapeleke asubuhi kama saa nne hivi, foleni hakuna, na stima ikikatika katikati ya raundi mwenye duka hukurudishia muda wako bila maneno.